Mzee, zima huo moto kwanza: habari za majimoto kwenye mikorosho

Wiki iliyopita nilikuwa Mkuranga kwa mzee mmoja ana mikorosho kama mia hivi na minazi michache pembeni, nimefika hata begi sijashusha namkuta kashika upondo mrefu, kwenye ncha kafunga matambara yamelowa mafuta ya taa yanawaka, anachoma viota vya majimoto, wale chungu wakali wanaoshona viota vya majani juu ya miti. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba hicho cha pili usikiguse kwanza tuongee. Marahaba mwanangu, karibu bibi shamba, ila hawa wadudu wanawang'ata wajukuu zangu kila msimu wa kuokota, mi nimechoka nao.

Simlaumu. Mtu yeyote aliyekulia mwambao anawajua majimoto, ukiguswa na tawi lao tu unavua shati mbele za watu. Lakini nikamshika mkono nikampeleka kwenye mkorosho wa jirani yake ambao hauna hata kiota kimoja, nikamwambia mzee hebu angalia machipukizi haya. Yana madoa meusi yenye kona kona, ncha zimekauka utadhani zimepitishwa kwenye jiko. Hiyo ni kazi ya mbu wa mikorosho. Jina tu hilo, hana uhusiano na mbu wa malaria, ni mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu, kitaalamu anaitwa Helopeltis, anachoma chipukizi changa na mdomo wake kama sindano na mate yake ndo yanaua ile sehemu. Chipukizi likifa na maua hakuna, sasa korosho itatoka wapi? Kisha tukarudi kwake, kwenye mti aliokuwa bado hajauchoma. Machipukizi safi kabisa. Mzee akakaa kimya kidogo halafu akasema, nilijua mti huu ni mbegu nzuri tu.

Mbegu inaweza kuwa nzuri kweli, ila walinzi nao wapo. Majimoto wanawinda mchana kutwa, wanapanda na kushuka kila tawi, wakikuta mdudu wanamkamata miguu kila mmoja anavutia upande wake mpaka anashindwa kujitoa, wengine wanamrushia asidi, kisha wanambeba mzima mzima mpaka kiotoni. Na kile kiota chenyewe ukikiangalia kinashonwa jamani, yaani wengine wanavuta kingo za majani mawili zikutane, mwingine anakuja kashika kiluwiluwi mdomoni anakigusisha huku na huku kama fundi anavyopitisha uzi, maana hariri inatoka kwa yule mtoto. Mi nimesomea wadudu miaka yote hii na bado nikikuta wanashona nasimama kuangalia.

Wala hii habari si mpya. Wachina waliandika tangu mwaka 304 hivi kwamba chungu wa jamii hii wanauzwa sokoni na viota vyao kwa ajili ya kulinda michungwa, na wakulima wa kule walikuwa wanaweka mianzi kati ya mti na mti ili wapite. Huku kwetu Zanzibar walichunguzwa kwenye mikarafuu na minazi tangu miaka ya 1950, na yule mbu wa minazi anayefanya vidaka vidondoke kabla ya wakati alipewa jina Pseudotheraptus wayi kwa heshima ya mtafiti aliyefanya kazi hiyo, Michael Way. Huyo huyo mbu wa minazi anashambulia na korosho, ukiipasua unakuta kiini chake kina vidoa vilivyobonyea. Benin nao wanawatumia kwenye maembe, ile harufu wanayoiacha kwenye tunda inamfanya inzi wa matunda asite kutaga.

Ila kwenye maembe na machungwa kuna shida ya kupanda mti kuchuma. Korosho huipandii! Inadondoka yenyewe na bibo lake unaokota chini. Ndo maana mi naona mkorosho ni mti wa majimoto kuliko mti wowote, na kuwachoma ni kujinyima.

Sasa kuwahamisha. Hapa nilishawahi kuharibu, nisiwafiche. Mwaka wangu wa pili kazini nilikata viota kwenye mwembe mmoja, nikakata vingine kwenye mlimau upande wa pili wa kijiji, nikaviweka vyote shamba moja nikaenda zangu kulala. Asubuhi chini kumejaa maiti. Zilikuwa koloni mbili tofauti, yaani familia mbili za majimoto, na koloni hazipatani hata siku moja. Siku hizi napima kwanza, nachukua wachache wa mti huu nawadondosha kwenye mti ule, wakivutana miguu basi ni maadui, wakipapasana tu na kupita ni ndugu. Na chukua viota vyote vya koloni unavyoweza, kwa sababu malkia ni mmoja na huwezi kujua yupo kiota kipi, ukimwacha nyuma hao uliowabeba watafanya kazi kwa muda kisha wataisha. Nakata alfajiri wengi wakiwa ndani, naweka kwenye mfuko, mikono nimepaka majivu. Wakifika nawapa maji ya sukari na utumbo wa samaki siku za mwanzo, halafu nafunga kamba ya katani toka mti hadi mti wasilazimike kushuka chini.

Chini ndo kuna adui yao mkubwa, wale sisimizi wadogo wa kahawia ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa kuliko wenzao. Hao wakitawala ardhi, majimoto wanafukuzwa mti mmoja mmoja. Na wanachopenda ni ardhi tupu iliyopaliliwa ikang'aa! Tafiti za mwambao wetu zilionyesha ukiacha majani kiasi chini ya miti majimoto wanashinda. Najua mkulima wa kwetu anaona aibu shamba lenye majani, jirani atasema mvivu, ila wewe fyeka, usikwangue mpaka mchanga uonekane.

Wana kasoro, ndiyo. Wanafuga vidugamba, wale wadudu wadogo wanaoganda kwenye matawi na kufyonza utomvu, kwa sababu wanalamba ule utamu wao, kwa hiyo usishangae kuviona kwenye matawi yenye viota. Na salfa unayopuliza ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, isikudanganye kwamba umeshamaliza na mbu wa mikorosho. Ukiongeza sumu ya wadudu juu yake umewaua walinzi pamoja na wezi, na wezi ndo wanaorudi mapema.

Mzee alizima upondo wake. Viota vitano vilishaungua, vilibaki saba, tumefunga kamba kwenye miti tisa mpaka mi vidole vikavimba na yeye ananicheka. Korosho zikianza kudondoka nitarudi tuokote kwenye miti ya kamba na kwenye ile aliyoichoma, tuzikate mbele yake tuone zenye vidoa ni ngapi, picha nitaweka hapa.