Bustani ya nyumbani mwishoni mwa kaskazi

Kuanzia Februari hadi masika yaingie, wenye bustani za nyumbani huwa na lalamiko moja: "Namwagia kila siku, mbona mboga zinanyauka?" Chimba kidogo kwa kidole. Mara nyingi udongo umelowa juu tu, chini ni mkavu. Maji ya juu juu hukauka upesi, na mizizi hubaki huko huko juu kwenye moto. Ni bora kumwagia kwenye shina, polepole, mpaka maji yazame. Mche mkubwa wa tungule (nyanya) huhitaji kiasi cha lita 1 hadi 2 kwa siku. Wakati mzuri ni baada ya sala ya alfajiri. Majani yakilegea adhuhuri kisha yakasimama magharibi, usiwe na wasiwasi. Yakiwa bado yamelegea asubuhi, hapo mche una kiu kweli.

Baada ya maji, funika udongo. Majani makavu, nyasi au makumbi ya nazi yote yanafaa, isipokuwa makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, maana yana chumvi. Walio karibu na bahari waonje pia maji ya kisima, kwani kiangazi huzidi chumvi. Yakiwa hivyo, yasiguse majani, na miche ya kitaluni ipewe maji matamu.

Tungule ndizo zinazowasumbua watu zaidi. Joto la mchana likipita nyuzi 32 na usiku usipoe, maua hupukutika bila kushika. Huo si ugonjwa, na inatuuma kuona mtu akitoa pesa yake kununua dawa isiyo na kazi. Weka kivuli cha makuti upande wa jua la mchana, kiwe chepesi, mwanga upite. Tunda likiwa na kitako cheusi, mara nyingi sababu ni maji ya leo mengi, kesho hakuna: madini ya chokaa hayafiki kwenye tunda. Na kwa kuwa joto la juu ya nyuzi 30 huzuia wekundu kukolea, chuma tungule zikianza tu kubadilika rangi, uziivishe ndani, kivulini. Hazipungui utamu kwa hilo, tena ndege na jua haviziwahi.

Bamia lichume kila baada ya siku moja au mbili, likiwa urefu wa kidole. Ukiyaacha yakomae, mche hupunguza kuzaa. Mchicha ukate asubuhi kabla ya jua kali, uache kisiki cha vidole vinne ili uchipue tena.

Samadi mbichi isubiri: huunguza mizizi. Irundike sasa kivulini, uilowanishe na kuigeuza mara kwa mara, ili ioze vizuri kabla ya kuitia kwenye matuta ya masika.