Nishati safi ya kupikia: mtaani tunaambiana nini, na ukweli ni upi

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, kama gesi na umeme. Tangu hapo nimeusikia ukijadiliwa kwenye daladala, msibani na dukani. Mengine yanayosemwa ni kweli, lakini mengi si kweli, na yanawagharimu watu fedha na mapafu.

La kwanza ni hili: "Mkaa umeshapigwa marufuku." Majumbani haujapigwa marufuku. Agizo lililotolewa linahusu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, kama shule, vyuo na magereza. Mama lishe mwenye jiko moja na benchi mbili hakuambiwa azime moto kesho.

La pili linaniumiza zaidi, maana anayelisema ana uchungu wa haki: "Gesi ni yetu, inatoka Mtwara, mbona mtungi unapanda bei?" Hapo zimechanganywa gesi mbili. Ya Songo Songo kule Kilwa na ya Mnazi Bay kule Mtwara ni gesi asilia, karibu yote ni methani. Inasafiri kwa bomba, na sehemu kubwa inazalisha umeme na kuendesha viwanda, ingawa zipo nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zilizounganishwa nayo. Ya kwenye mtungi ni propani na butani, na tunaiagiza kwa meli kutoka nje. Ndiyo maana dola ikipanda, mtungi nao unapanda. Methani huwezi kuijaza kwenye mtungi wa kilo 6, kwa sababu haigeuki kimiminika kwa mgandamizo ambao mtungi ule unaweza kuuhimili.

"Chakula cha gesi hakina ladha." Pilau la shughuli huwa tamu kwa viungo na mkono wa mpishi. Tuendelee.

"Mtungi utatulipua." Hofu hii siidharau, kwa sababu ajali za gesi zipo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inatulia chini sakafuni, na cheche ndogo inatosha kuiwasha. Ila imetiwa harufu kali makusudi ili ikuamshe. Ukiinusa, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi wala kiberiti. Mpira na regyuleta vipake povu la sabuni: pakitoka mapovu, panavuja. Sasa linganisha na jiko la mkaa tunaloingiza chumbani usiku wa baridi. Linatoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na imeshaua familia nzima usingizini. Hayo ni mbali na moshi wa kila siku: serikali imekuwa ikitaja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka nchini vinavyohusishwa na hewa chafu ya jikoni.

Kubwa kuliko yote ni "umeme si wa kupikia, utakula LUKU yote." Na mimi niliamini hivyo mpaka nilipokaa jikoni kwa shangazi, Mbagala, kwenye jiko lake la presha la umeme. Aliweka nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku, akafunga mfuniko. Nikasoma mita, tukaenda kukaa barazani. Maharage yalipoiva nikasoma tena: yamekula uniti 0.4. Kwa bei ya kawaida, shilingi 1,000 inakupa takriban uniti 2.8, kwa hiyo chungu kile kiligharimu kama shilingi 140. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo hata kopo la mkaa sipewi."

Siri iko kwenye chungu chenyewe. Kimefungwa, kimezungushiwa kizuia joto, na presha ikishapanda kinajizima na kujiwasha chenyewe. Jiko la koili lililo wazi ni habari nyingine kabisa. Hilo ndilo lililoupa umeme jina baya, maana joto jingi linaishia hewani na koili haipumziki.

Wapo walio kwenye kundi la bei nafuu, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaoogopa kuondolewa humo. Wasiwasi wao una msingi. Maharage ya kila siku kwa chungu kile ni kama uniti 12 kwa mwezi, hayo hayakutoi kwenye kundi. Ukipikia koili asubuhi, mchana na jioni, utatoka.

"Mkaa ni wa bei rahisi." Hapa nawaomba wapanga mikakati wasikilize. Mkaa unanunulika kidogo kidogo, ndiyo nguvu yake. Mwenye shilingi 1,000 leo anapata kopo na watoto wanakula, wakati kujaza mtungi wa kilo 6 kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Kwa mwezi mzima mkaa wa kopo unaweza kuizidi gesi, lakini hakuna anayeshika hela ya mwezi mzima. Ruzuku ya mtungi wa kwanza ni nzuri, ila mtungi mtupu uliogeuzwa stuli hauhesabiki kuwa nishati safi. Naona matumaini zaidi kwenye mita za gesi zinazokuruhusu kulipia kwa simu kiasi unachopika. Na huo urahisi wa mkaa hauhesabu msitu: kwenye tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni.

Mwisho, "umeme wenyewe hautoshi." Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Uzalishaji si kikwazo tena. Kikwazo ni transfoma ya mtaa iliyozidiwa na nyaya chakavu, kiasi kwamba saa moja usiku taa zinafifia. Shangazi anapika maharage mchana kwa sababu hiyo, na jiko la mkaa bado liko nyuma ya mlango kwa siku za kukatika. Sijamwambia alitupe.