Vita Viwili, Ghala Moja

Swali la kama taifa kubwa linaweza kupigana vita viwili kwa wakati mmoja kwa kawaida hujibiwa kwa hesabu ya askari, ndege na meli. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufuatilia ugavi wa kijeshi, huanza na ghala, kwa kuwa ndilo linaloamua jeshi litapigana kwa muda gani.

Marekani ilijiwekea kipimo cha kuweza kupigana vita viwili vya kikanda kwa pamoja mwaka 1993, lakini viwanda vyake viliendelea kuzalisha kwa kiwango cha wakati wa amani. Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote Februari 2022, Marekani ilikuwa ikitengeneza takriban makombora 14,000 ya mizinga ya milimita 155 kwa mwezi, kiasi ambacho Ukraine ingeweza kukimaliza kwa siku chache. Ndipo Marekani ikachota katika akiba yake iliyokuwa Israel na kuyapeleka makombora hayo Ukraine. Ilipofika Oktoba 2023, Israel nayo ilikuwa vitani na inayahitaji.

Fedha peke yake hazitatui jambo hili. Umoja wa Ulaya uliahidi kuipa Ukraine makombora milioni moja ifikapo Machi 2024, na tarehe ilipowadia ulikuwa umetimiza takriban nusu tu. Kombora moja la Marekani laweza kufuliwa ganda lake Scranton, Pennsylvania, kupata vilipuzi vyake kutoka Holston, Tennessee, kisha kujazwa Iowa, na kituo kimoja kikikwama vingine husubiri. TNT yenyewe, kilipuzi cha kujazia makombora, Marekani iliacha kuitengeneza miaka ya 1980, ikabaki kuinunua nje.

Kwa nini basi wasilimbikize mapema? Baruti ya kurushia kombora hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo huchakaa yenyewe taratibu, na joto huharakisha uchakavu huo hadi inaweza kuwaka bila kuguswa. Huchanganywa na kemikali ya kuituliza, lakini kemikali hiyo nayo hupungua mwaka hadi mwaka, hivyo sampuli lazima zipimwe na shehena iliyochoka iteketezwe kwa utaratibu. Sisi wa Dar es Salaam tuliozika watu wetu baada ya milipuko ya maghala ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, tunajua gharama ya kuhifadhi silaha karibu na makazi, vyovyote iwavyo chanzo cha mlipuko.

Kwa hiyo napendelea mikataba ya ununuzi ya miaka mingi kuliko manunuzi ya pupa vita vikishaanza. Mwenye kiwanda hawezi kufunga mitambo mipya na kufundisha mafundi kwa oda ya mwaka mmoja, akijua kwamba amani ikirejea atabaki na karakana tupu.