Je, wajua kwa nini rupia mbili za Mjerumani ni adimu?

Rupia moja ya enzi za Mjerumani haishangazi sana wanaokusanya sarafu za kale. Rupia mbili ndiyo shida. Ilitengenezwa miaka miwili tu: takriban vipande 33,000 mwaka 1893 na 18,000 mwaka 1894.

Aliyeitoa hakuwa serikali bali Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa pwani ilishazoea rupia ya India, kampuni ilifuata vipimo vyake: gramu 11.66, fedha asilimia 91.7. Rupia mbili ni mara mbili ya hapo, yaani gramu 23.32. India yenyewe haikuwa na sarafu ya rupia mbili wakati huo, kwa hiyo pande hili la fedha lilikuwa geni mikononi mwa watu. Serikali ya Kaisari ilipoanza kutoa sarafu zake mwaka 1904, mgawanyo wa zamani wa rupia kwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa ukaachwa, rupia ikagawanywa kwa sarafu ndogo 100 zilizoitwa heller, lakini rupia mbili haikurudishwa.

Upande mmoja wa rupia mbili yupo Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, kofia yake ya chuma imebeba tai aliyekunjua mbawa. Upande wa pili ni simba na mti wa jamii ya mnazi.

Ukiuziwa, anza na sumaku. Ikinasa, rudisha. Isiponasa bado hujathibitisha kitu, maana shaba na nikeli zilizochanganywa hazinasi pia. Kipimo cha maana ni maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa kitako wala kingo. Kwa fedha halisi ya uzito huo mizani itasoma karibu gramu 2.26, mchanganyiko wa shaba na nikeli utakaribia 2.6. Viputo vikiganda kwenye sarafu, namba hupanda na utaikataa ya kweli, basi itikise kwanza ndani ya maji.

Kagua na ukingo: alama ya kulehemu maana yake iliwahi kuvaliwa kama pambo, na bei hushuka. Hushuka zaidi ikisuguliwa kwa majivu au dawa ya meno. Weusi uliojijenga kwa miaka uacheni; wanunuzi makini huutafuta.