Kofi la leba halimtoi mtoto

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Arusha na Moshi, wenye "tuma kwa kina mama wote": eti mjamzito asipofokewa au kuchapwa mapajani wakati wa kusukuma, atambana mtoto afe. Si kweli.

Mtoto husukumwa na mikazo ya mji wa mimba, njia ikishafunguka sentimita 10. Hofu huongeza adrenalini, homoni ya mshtuko, nayo inaweza kuipunguza nguvu mikazo hiyo. Mtoto akichelewa, kuna kazi ya kufanya. Mama akojoe, maana kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka. Abadili mkao, alale ubavu au achuchumae. Mkunga asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kila dakika 5. Kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Yakishuka na kubaki chini, aitwe daktari.

Watu huchanganywa na wakati: kofi hupigwa dakika za mwisho, mtoto akiwa anatoka hata hivyo, basi kofi ndilo linalopewa sifa. Tena tazama anayepigwa. Mara nyingi ni binti mdogo, au mama aliyekuja na kanga moja, si mke wa bosi. Ingekuwa tiba, wangepewa wote.

Ukitaka kuhakiki, siku ya kliniki muombe mkunga akuonyeshe patografu, ile chati ya uchungu. Ina mapigo, mikazo na sentimita. Safu ya makofi haimo. Aliyepigwa amwone mganga mfawidhi wa kituo. Ujumbe wenyewe ukikufikia, usiusambaze.