Je, wajua kwa nini programu hutaja ukubwa wa faili bila kulisoma?

Faili la video lenye baiti bilioni 10 huchukua muda kunakiliwa kutoka diski moja hadi nyingine, lakini programu ikiulizwa ukubwa wake hujibu papo hapo, kwa wepesi ule ule ambao ingetaja ukubwa wa barua ya mistari miwili. Sababu ni kwamba haihesabu chochote: ukubwa wa faili ni namba iliyokwisha kuandikwa, na programu huiomba tu.

Anayeitunza namba hiyo ni mfumo wa faili, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayopanga data kwenye diski. Kila faili lina rekodi yake, ambamo huwekwa tarehe lilipobadilishwa mara ya mwisho, ruhusa za kulisoma na kuliandika, mahali vipande vyake vilipo, na idadi ya baiti zake. Katika mifumo ya jamii ya Unix, kama Linux, rekodi hiyo huitwa inode, na data inapoongezwa au kupunguzwa, namba iliyomo husahihishwa.

Kwa hiyo amri za kuuliza ukubwa katika lugha za programu, kama os.path.getsize ya Python, Files.size ya Java na filesize ya PHP, ingawa majina yake ni tofauti, kwenye Linux huishia kupeleka ombi la aina moja, la jamii ya stat, yaani la kuuliza rekodi ya faili, kwenye kiini cha mfumo endeshi (kernel). Faili lenyewe halifunguliwi. Ndiyo maana mtu anaweza kuujua ukubwa wa faili asiloruhusiwa kulisoma, mradi anaruhusiwa kupita katika saraka zinazolifikia.

Katika lugha ya C wengi hufundishwa njia nyingine: kulifungua faili, kusogea hadi mwisho wake kwa fseek, kisha kuuliza kwa ftell wamefika wapi. Mimi singeishauri. Jibu la ftell ni namba ya aina ya long, ambayo kwenye Windows ina biti 32 na haiwezi kupita 2,147,483,647, kwa hiyo faili lililozidi kidogo gigabaiti 2 halipati jibu sahihi.

Jambo linalowakanganya wanaoanza kuliko yote ni kudhani kwamba baiti ni sawa na herufi. Chukua faili lenye neno moja tu, «ng'ombe», lililohifadhiwa kwa UTF-8, yaani utaratibu wa kuandika alama za matini kwa baiti, bila kuongeza mstari mpya. Ikiwa alama ya ung'ong'o ni ile iliyonyooka ya kibodi, faili lina baiti 7, moja kwa kila alama. Lakini programu ya kuandikia ikiibadilisha kuwa alama iliyopinda, kama zifanyavyo nyingi bila kumwuliza mwandishi, alama hiyo moja huchukua baiti 3 na faili linafika baiti 9, ingawa kwa jicho neno ni lile lile na Python, ikilisoma kama matini, bado itahesabu alama 7. Kwa hiyo urefu wa matini usitumiwe kamwe kukadiria ukubwa wa faili.

Nafasi inayochukuliwa kwenye diski nayo ni habari nyingine, kwa kuwa diski hugawiwa kwa vipande, mara nyingi vya baiti 4,096, na faili la baiti 9 kwa kawaida hupewa kipande kizima.

Yapo hata hivyo mafaili ambayo rekodi yake haina cha kusema. Kwenye Linux, /proc/cpuinfo, linaloeleza kichakataji cha kompyuta, huonyesha ukubwa wa 0 ilhali ukilifungua unakuta mistari mingi, kwa sababu halikai kwenye diski. Maneno yake hutungwa na kiini cha mfumo wakati ule ule linaposomwa. Kwa faili la namna hiyo, programu inayotaka kujua idadi ya baiti haina budi kulisoma hadi mwisho na kuzihesabu.