"Au" ya Kifungu cha 83

Leo tena, nje ya korti za Milimani, mzee mmoja kanishika mkono: "Wakili, usipoonyesha ni kura ngapi zimeibwa, kesi si imekufa?" Hapana, mzee wangu, haijafa. Nalijibu swali hili tangu petisheni za 2013, na leo naliandika.

Katika uchaguzi wa rais wa Kenya mwaka 2017, pengo kati ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga lilikuwa takriban kura milioni 1.4. Majaji wa Mahakama ya Juu hawakutaja idadi yoyote iliyoibwa. Bado, tarehe 1 Septemba, wanne dhidi ya wawili walibatilisha uchaguzi. Kilichouangusha ni njia ulivyoendeshwa.

Ishike Fomu 34A mkononi. Ni karatasi ya kituo kimoja: kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa, sahihi ya msimamizi na za mawakala. Nakala hubandikwa mlangoni, nawe unaipiga picha kwa simu. Juni mwaka huo, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeshaamua kwamba matokeo yaliyotangazwa eneobunge ni ya mwisho. Makao makuu ya tume ya uchaguzi, Nairobi, hayana ruhusa ya kuyagusa. Agosti tume ikamtangaza rais kabla ya kupata 34A zote, na ilipoamriwa kufungua seva haikutii ipasavyo. Katiba inadai hesabu inayoweza kuthibitishwa. Utathibitisha nini bila karatasi?

Sasa "au". Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kinasema uchaguzi haubatilishwi kwa kukiuka sheria iwapo ulifuata misingi ya Katiba, au iwapo kosa halikuathiri matokeo. Mahakama ya Juu ilisema mlalamishi akithibitisha upande mmoja tu, misingi kuvunjwa au matokeo kuathirika, yatosha. Naiunga mkono. Lakini nikikaa peke yangu na kifungu hicho, sarufi hunisumbua: kifungu hicho ni kinga ya mshindi, na "au" iliyo ndani yake yaweza kusomwa kwamba sharti moja kati ya hayo mawili linamtosha. Jibu la kuniridhisha sijalipata mpaka leo. Bunge lilijaribu kuyabadilisha maneno ya kifungu hicho mwaka huo huo wa 2017. Aprili 2018 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akayatupa mabadiliko yao.

Kwa hiyo, mzee wangu, rais akishatangazwa kuna siku 7 tu za kuwasilisha petisheni. Usianze kutafuta idadi. Niletee picha ya ile fomu ya mlangoni.